Kitufe Kilichotoka Bila Nguo

Naikumbuka Jumanne moja, mwanangu, niliyofokewa mpaka masikio yakapata moto, na nje Toronto yote imeganda. Nilikuwa sijafika thelathini, nina cheti cha kidato cha nne, na uvivu wa kutoka nje uliojulikana mtaani kwetu Thorncliffe Park kote. Lifti ikiharibika, mimi nashukuru: nimepata sababu ya kutoshuka. Kompyuta nilijifundisha mwenyewe ndani ya nyumba, soksi mbili kila mguu.

Bi Salma, mama wa Tanga aliyesimamia nyumba ya kutunzia wazee, alinipa kazi: programu ya kuwaonyesha wauguzi nani ameshapewa dawa. Basi nikaunda kitufe changu mwenyewe, maana vile vya kawaida niliviona vya kishamba. Mshamba nilikuwa mimi, lakini tuendelee. Muuguzi akikibonyeza, chekundu kinageuka kijani. Ila nilikipa kazi, sikukipa sura, yaani umbo na rangi zake. Sura niliiandika upya katika kila dirisha la programu, kama mtu anayemvalisha mwanawe kwenye kila mlango anaopiga hodi.

Bi Salma akaomba dirisha jipya la dawa za asubuhi. Nikalitengeneza mbiombio, nikaweka kitufe, nikasahau kukivalisha. Na kitufe kisicho na sura, mwanangu, kompyuta haikichori kabisa. Siku ya kwanza tu, muuguzi akampa mzee mmoja vidonge vya presha, akatafuta pa kubonyeza, hakuona, akaenda zake. Mwenzake wa zamu iliyofuata hakukuta alama, akamletea vidonge vilevile tena. Kilichomwokoa mzee ni mdomo wake: "Nimeshameza! Mna haraka ya kunizika?"

Simu yangu ikalia.

"Kitufe kiko wapi?" Bi Salma hakunisalimu hata.

"Kipo, Bi Salma, ila hakionekani."

"Kipo kama jini? Wauguzi wangu wabonyeze hewa?"

"Kwenye madirisha mengine kimevaa vizuri tu…"

"Hebu nisikilize wewe. Mtoto huvishwa kwao kabla hajatoka. Hatoki uchi akangoja jirani amsitiri!"

Fimbo ya mbali haiui nyoka. Sura iliyoko dirisha jingine ingemfaa nini mzee yule? Nikakata shauri. Niliyavua madirisha yote ishirini na matatu, moja moja, nikaandika mtindo mmoja wa chaguo-msingi, yaani sura ya kuanzia, nikauweka pamoja na kitufe chenyewe, nikakiagiza: popote utakapowekwa, anza na huu. Siku nne sikutoka nje, ingawa kwangu huo si ushujaa. Baadaye Bi Salma alipotaka herufi kubwa kwa muuguzi mmoja mwenye macho hafifu, niligusa dirisha lake tu. Mengine hayakutikisika.

Basi shika haya. Ukiunda kitu cha kutumiwa na wengine, kipe sura yake ya kuanzia, na ikae nacho. Mwenye dirisha akitaka kuibadili, mwachie nafasi. Usimlazimishe wala usimtegemee akukumbukie. Na kabla hujakitoa, kiweke kwenye dirisha tupu usilolipamba. Kisipoonekana hapo, rudi ukae, hata kama umechoka, hata kama mteja anapiga simu.

Mungu akupe mikono isiyokata tamaa, na akujalie kazi ambayo mgeni akiishika siku ya kwanza, haimdhuru yeye wala mgonjwa wake. Amina.