Chupa Iliyolala Chumbani kwa Bibi

Kiyoyozi cha dirishani kinapowashwa baada ya kukaa kimya kwa miezi, pumzi yake ya kwanza hunuka vumbi lililoloa, chuma, na nguo iliyokunjwa muda mrefu. Kwangu mimi harufu hiyo ndiyo iliyokuwa mwanzo wa kiangazi. Tulikaa Hor Al Anz, upande wa Deira, mjini Dubai, katika jengo la zamani ambalo maji ya bomba yalitoka moto hata ulipofungua mfereji wa baridi. Ilikuwa miaka ile ya mwanzoni mwa muongo uliopita, Ramadhani ilipoangukia Agosti. Nyumbani tulikuwa na baba, aliyefanya kazi katika ghala la dawa kwenye eneo huru la biashara la uwanja wa ndege, mama, Shangazi Rukia, dada yake baba ambaye hakuwa ameolewa, mimi, na Bi Hidaya, bibi yangu mzaa baba. Chumba cha Bibi kilikuwa kidogo kuliko vyote, na kwa kuwa dirisha lake lilitazama ukuta wa jirani, ndicho kilichokuwa na ubaridi kuliko vyote. Humo aliswali na humo alisoma msahafu wake, na hakuna mtu aliyethubutu kuingia na viatu.

Bibi alizaliwa Unguja kwa wazazi wa Kingazija, akaumalizia ujana wake Moroni kwa mjomba wake, na huko akakipata Kifaransa. Lugha hiyo ilikaa bila kazi hadi alipokutana na Madamu Odile kwenye benchi la zahanati. Madamu alikuwa Mfaransa wa umri wake, mjane wa mhandisi wa bandari, aliyebaki Dubai kwa sababu kaburi la mumewe liko huku. Tangu siku hiyo Bibi alimtembelea kila wiki katika nyumba yake ya Jumeirah, nami skuli ikifungwa nilifuatana naye. Wakizungumzia makwao, Bibi alinifasiria bila kuruka neno. Ila kila lilipotajwa neno mvinyo aliingiza astaghfirullahi kwa sauti ndogo, kama mtu anayesafisha koo.

Neno lenyewe lilitajwa sana, kwa maana Madamu alizaliwa katika shamba la mizabibu kusini-magharibi mwa Ufaransa. Jina la shamba silitaji, kwa sababu waliolinunua baadaye bado wanalibandika kwenye chupa zisizo na uhusiano nalo. Watawa ndio walioanza kulilima. Watawa walipofukuzwa, likaangukia mikononi mwa mababu zake. Kisha wakaja wadudu wadogo kutoka Amerika, wakala mizizi ya mizabibu ya nchi nzima, na watu hawakuona dawa ila kupandikiza vikonyo vya kwao juu ya mashina ya Amerika. Kona moja tu ya shamba lile ilisalimika. Ilikuwa mchanga mtupu, na mdudu yule hawezi kupita mchangani, kwa hiyo mizabibu ya pale iliendelea kusimama juu ya mizizi yake ya kale. Mwaka aliozaliwa Madamu, baba yake alitenga chupa za kona ile kwa ajili yake: za harusi, za uzazi, na moja ya mwisho, ambayo watoto wake wangeinywa siku ya kumzika. Vita vilipokuja, chupa zilifichwa nyuma ya ukuta wa uongo, na yeye, akiwa mtoto, alitumwa kukusanya utando wa buibui waupake ukuta huo uonekane mzee. Vita vilikwisha, ukuta ukabomolewa. Miaka michache baadaye ikaja Februari moja ya barafu, nayo ikaiua kona yote ya mchanga. Haikupandwa tena.

Kabla ya kiangazi ninachokisimulia, Madamu aliteleza bafuni akavunjika nyonga. Ilibidi asafirishwe kwao akiwa amelala, na muuguzi na mkoba mmoja, na mwenye nyumba akataka nyumba yake. Bibi alikwenda kumuaga hospitali, akarudi na kitu kilichoviringishwa kwenye kanga yake mwenyewe: ile chupa ya mwisho. Alikilaza chini ya kitanda chake, kwa ubavu, ili kizibo kisikauke, na akahakikisha shingo ya chupa haielekei kibla. Kisha akautoa msahafu wake na mswala wake, akavipeleka sebuleni, na tangu hapo akawa analala sebuleni na Shangazi Rukia.

"Haya," akasema Shangazi, "mlevi kapewa chumba cha baridi, na sisi wenye kuswali turundikane hapa kama magunia."

Baba hakuona la kuchekesha. "Mama, kitu hiki kikikutwa humu, mimi ndiye nitakayeulizwa. Nina kafeel aliyenidhamini, nina kazi, nina mtoto anasoma."

"Nilikuwa na mkono wake mkononi mwangu," Bibi akajibu. "Kaniambia, Hidaya, mwanangu atakuja. Nimemwambia, atakikuta. Khalas, yamekwisha."

Sote tulielewa kilichofungwa na neno lile. Bibi hakuwa amepokea kinywaji. Alipokea siku ya maziko ya mtu. Kuimwaga chupa ilikuwa wajibu kwa fikira za nusu ya nyumba, na kuirudisha ilikuwa wajibu kwa fikira zake yeye, naye alikuwa peke yake.

Ramadhani ilipoingia, kiyoyozi cha chumba kile kilitoa mlio kama wa mtu anayekohoa mfupa, kikazima. Fundi alipopigiwa simu alisema, "Bukra, inshallah," na hiyo kesho yake ikawa inasogea mbele kila siku. Chumba kilianza kupata joto. Baada ya futari baba aliketi karibu na mama yake na kusema kwa upole, kwa kuwa safari hii alikuja na hoja.

"Mama, tumwachie Mungu. Tusiiguse. Mvinyo ukigeuka siki wenyewe, bila mkono wa mtu kutia kitu, unakuwa twahara. Ndivyo madhehebu yetu yalivyo, wewe ndiye uliyenisomesha. Nyumba itasafika, na hatukumwaga mali ya mtu."

"Umesoma vizuri," Bibi alisema. "Na kule kazini kwako, dawa ya mgonjwa ikipata joto, unamwambia tumwachie Mungu?"

Baba akaanza kukusanya vyombo vya futari.

"Ikigeuka siki, mwanangu, itakuwa halali kwangu. Lakini mimi sikuwekewa siki."

Kesho yake Bibi aliamuru kiyoyozi cha sebuleni kichomolewe kipelekwe kule chumbani, na tundu kilipotoka lizibwe kwa ubao. Shangazi Rukia alihamia kwangu akinung'unika. Bibi alikataa kuhama popote: yeye ndiye aliyepokea, joto lilikuwa lake. Basi alifunga Agosti nzima katika sebule yenye feni moja iliyozungusha hewa ya tanuri, kanga iliyoloa mabegani, na kila nilipoingia nilimkuta ameketi wima kabisa, kana kwamba kuegemea kungemwongezea joto. Alasiri moja alianguka katika sijda. Baba alikuwapo, alimbeba, akamlaza, akashika gilasi ya maji mdomoni mwake, na Bibi akanywa bila ubishi, kwa kuwa alijua sheria. Siku hiyo aliilipa baada ya Idi.

Nilitarajia baba aivunje chupa jioni ile. Badala yake, kesho yake alirudi kutoka kazini na kipimajoto kidogo, cha aina wanayoitia ndani ya masanduku ya dawa, akakitundika ukutani juu ya chupa. Tangu hapo, kila asubuhi kabla ya kuvaa viatu, alifungua mlango wa chumba kile, akakitazama, akaufunga.

Mwana wa Madamu alikuja majira ya baridi, kwa siku moja tu, kwa sababu mama yake alikuwa mahututi. Alikuwa mtu mzima mwenye mvi. Bibi alimwonyesha mlango, naye akaingia peke yake akiwa amevua viatu, akatoka ameikumbatia chupa ndani ya ile kanga. Aliuliza kipimajoto ni cha nani.

"Cha mwanangu," Bibi alisema kwa Kifaransa, na kwa mara ya kwanza tangu kiangazi nilimwona anatabasamu.

Mwana huyo alipiga simu baada ya maziko ya mama yake. Bibi aliitia sauti ya juu huku akitufasiria, akampa rambirambi ndefu, kisha akauliza jambo moja: ilikuwa siki? Mwanamume yule alisema hapana. Ulikuwa mwembamba na mzee sana, lakini ulikuwa mvinyo, na wote waliozaliwa na mama yake waliuonja kandoni mwa kaburi.

"Alhamdulillahi," Bibi akasema, na machozi yakamtoka.

"Salaale!" Shangazi Rukia alishika kichwa. "Nyumba ya Kiislamu inashukuru kwamba ulevi haukuharibika!"

Baba alikuwa amesimama mlangoni. Alisafisha koo, akasema naye pia, polepole, "Alhamdulillahi."

Sasa nasomesha sheria, na kila mwaka tunafika kwenye mlango wa amana, ambapo wanazuoni wanabishana kama mvinyo wa asiye Mwislamu ni mali inayopaswa kufidiwa ikiharibiwa. Wanafunzi wangu hutoa majibu ya haraka na safi, na mimi hufikiria ubao uliozibia tundu la dirisha. Jengo letu limebomolewa; majumba yaliyosimama pale hupozwa kwa bomba la pamoja lisilo na harufu, na wenye vitu adimu huvilaza katika maghala yenye bima, ambako hakuna anayetokwa jasho kwa ajili ya neno alilompa mwenzake. Sisemi kwamba watu wa leo ni wabaya zaidi. Nasema kwamba kazi ile aliyoifanya Bibi kwa mwili wake, leo inafanywa na mashine, na sijui tumeiweka wapi sehemu iliyokuwa yake.

Siku chupa ilipoondoka, Bibi alipiga deki chumba chake, akakiacha kikauke, akautandika mswala wake pale pale ulipokuwa zamani. Aliswali humo hadi alipofariki. Kipimajoto hakukiondoa ukutani.