Konokono wa Kabichi na Kichupa cha Mwisho

Katika miaka ile ya Ujamaa nilifanya kazi katika maabara ndogo mjini Morogoro, nikichunguza vitundu vya utando wa seli za neva, vile ambavyo ioni za potasiamu hupitia. Hatukuwa na darubini ya kuvionyesha. Tulivifahamu kwa kuviziba: unapeleka molekuli ambayo ukubwa wake unaujua, na inapokwama unaanza kuelewa umbo la njia. Kizibo changu kilikuwa unga ulioletwa kutoka ng'ambo, na fedha za kigeni za kuagiza mwingine hazikuwapo. Uliobaki kichupani ulitosha jaribio la siku moja.

Seli nilizozihitaji ni za konokono mkubwa wa bustani, kwa kuwa unene wa seli zake huruhusu kuchomeka sindano ya kioo. Nilimwomba mama mmoja, mkulima wa kabichi wa miteremko ya Uluguru, aniletee sita siku atakaposhuka sokoni. Asubuhi ya siku hiyo niliuyeyusha unga wote. Ukishayeyushwa huharibika upesi, nisingeuamini kesho yake.

"Shikamoo, mama," nilimsalimia alipofika maabara.

"Marahaba, mwalimu. Wadudu wako hawa. Nimewamwagia majivu wasikusumbue."

Wote walikuwa wamekufa. Kwa mkulima wa kule, kumkabidhi mtu mdudu mharibifu wa shamba akiwa hai ni kumtakia mabaya. Nami, niliyejisifu kwa usahihi, sikuwa nimetamka kwamba nawataka wazima.

"Wazima?" akashangaa. "Hawa wanaotumalizia kabichi? Serikali imekusomesha ili ufuge konokono?"

Nikamweleza habari ya kichupa. Alimwachia mwenzake kapu la mboga pale sokoni, akaupanda mlima upya kwa miguu.

Alirudi alasiri, khanga imelowa hadi magotini, konokono sita wamefungwa ndani ya majani mabichi ya kabichi.

"Nimewafungia na chakula cha njiani," akasema.

Nilimwomba abaki aone. Nilipokitia kizibo nje ya seli, mstari kwenye kioo cha mashine ya kupimia mkondo haukubadilika. Nilipokipitisha ndani kwa sindano, mkondo wa potasiamu ulififia taratibu, ukakaribia kwisha.

"Umeziba?"

"Nimeziba, mama. Lakini kwa kutokea ndani tu."

"Basi mdomo mpana uko ndani. Mianzi yetu ya kupitishia maji shambani ndivyo ilivyo. Takataka huingilia upande mpana."

Seli ya pili na ya tatu, kila moja ya konokono mwingine, zilitoa jibu lile lile. Ilinichukua majuma kadhaa ya hesabu kuthubutu kuandika alichokisema akiwa amesimama mlangoni, akikamua khanga yake.

Kichupa kitupu ninacho hadi leo. Unga nilipewa na watu wa mbali, nao niliwashukuru kwa barua. Siku yenyewe ya kuutumia nilipewa na yeye, na shukrani yangu kwake bado naiona pungufu.

Jioni ile nilimuuliza kama angependa kuwarudisha konokono watatu waliobaki.

"Kwenye kabichi yangu? Thubutu!" akasema, akaulizia jiko letu lilipo, achote majivu.