Upande Mzuri wa Kitinda

Fundi Baridi hakuwa mtu wa kukaa bure. Maisha yake yote yalikuwa ya kuchokonoa mafriji ya watu: kulala kifudifudi jikoni kwa wenyewe, tochi mdomoni, akisikiliza kompresa inavyokoroma. Jina alilopewa na wazazi wake lilishasahaulika. Mkewe akikasirika alimwita Fundi, akifurahi alimwita Baba Kitinda, kwa ajili ya binti yao wa mwisho, kitinda mimba, ambaye naye jina lake la cheti lilibaki huko huko kwenye cheti.

Sasa mtu wa namna hiyo ukimpa kamera, umejitafutia balaa mwenyewe. Mteja mmoja aliyekuwa anahama nyumba alimwachia kamera ya zamani na flashi yake, kama shukrani. Fundi akaichomeka flashi juu ya kamera, akaipanga familia ukutani, akaifyatua. Lo, picha zilivyotoka! Macho yamewatoka, nyuso zinang'aa kama zimepakwa mafuta ya kupikia, na nyuma ya kila mmoja kivuli cheusi kimeganda ukutani. Mkewe alizitazama kwa makini, kisha akauliza kama hao ni wao au ni watu wanaotafutwa na polisi.

Hapo ndipo ugonjwa ulipomshika. Kila akitoka kazini alijikunyata na simu, akitazama video za bwana mmoja mwenye sauti ya upole aliyefundisha kwamba dawa ni moja tu: itoe flashi juu ya kamera, iweke pembeni, iwake kwa mbali. Ikimulika uso kwa ubavuni, pua inakuwa pua na shavu linakuwa shavu. Rahisi kusema. Fundi akatengeneza stendi kwa mpini wa ufagio, akausimika kwenye kopo la rangi lililojaa mchanga. Mwavuli mweupe wa mkewe ukachukuliwa bila ruhusa, flashi ikaelekezwa ndani yake ili mwanga urudi umelainika. Na upande wa pili wa uso, ule unaobaki gizani, akasimamisha mlango mweupe wa friji bovu uliokuwa uani, ili ukirudishie kivuli mwanga kidogo. Mlango ule ulimpa kichwa kweli kweli. Alimweleza kila mgeni kwamba watu wanahangaika madukani kutafuta vitu vya kurudisha mwanga, na yeye anavyo vinaota kutu nyuma ya nyumba.

Basi sebule ikawa karakana. Jumapili mchana mapazia yanafungwa, viti vinasukumwa, na atakayejikwaa kwenye kopo la mchanga ajilaumu mwenyewe. Wa kwanza kupigwa picha alikuwa mpira wa miguu uliofungwa kilemba, ukawekwa juu ya kiti kirefu. Wakauita Bibi Harusi. Bibi Harusi hakupepesa macho wala hakulalamika njaa, na alimvumilia Fundi akiisogeza flashi huku na huko, mara karibu mno, mara nyuma mno, mpaka siku moja mpira ukaonekana mviringo kwenye picha, mwanga unaishia taratibu kwenye kivuli. Fundi aliruka kama mtoto, na mkewe akatoka jikoni kuangalia kuna nini, akaonyeshwa picha ya mpira.

Lakini Fundi hakuwa anajifunza kwa ajili ya mpira. Kitinda alikuwa akiuza kwenye duka la dawa, na mabosi wake walikuwa wamempangia kwenda tawi jipya, mji wa mbali. Baba mtu alikuwa amekata shauri: kabla mtoto hajaondoka, ampige picha moja ya maana, ikae ukutani sebuleni. Hilo tu ndilo alilokuwa analitaka. Alimpenda binti huyu kwa namna ambayo kaka zake waliilalamikia waziwazi.

Tuseme sasa lile ambalo nyumbani kwao halikuwa likisemwa, si kwa kufichwa, bali kwa sababu halikuwa habari. Kitinda alipokuwa anatambaa alivuta sufuria ya maji ya moto, na kovu lake lilitoka chini ya jicho la kushoto likashuka mpaka shingoni. Alikua nalo, akacheka nalo, akaenda nalo shule. Watoto wakimuuliza dukani, aliwajibu kwamba alipigana na sufuria, sufuria ikashinda. Hakuwahi kujifunika mtandio kwa ajili yake, wala kugeuza uso akisemeshwa. Kwenye zile picha za wanaotafutwa na polisi, ni yeye peke yake aliyekuwa anacheka, kovu na meno yote nje.

Siku yenyewe ikafika. Kitinda akakaa kwenye kiti cha Bibi Harusi, akimtania baba yake kwamba anasubiri avikwe kilemba. Flashi ilikuwa upande wake wa kulia, mlango wa friji upande wa kushoto. Fundi akapiga ya kwanza, akaitazama nyuma ya kamera. Picha nzuri, si utani. Mwanga wa mwavuli umelala vizuri kwenye paji la uso, mlango umerudisha mwanga wake shavuni, na kovu linaonekana lote, kila mkunjo.

Akasimama pale na kamera mkononi. Yule bwana wa video alisema kila uso una upande wake mzuri, na kazi ya mpiga picha ni kuutafuta. Fundi akamwambia mwanawe ageuke kidogo. Kisha akauinua mlango wa friji, akautoa mpaka koridoni, akauegemeza huko.

Kitinda akamuuliza mbona anautoa na jinsi anavyousifia. Fundi akasema unaleta mwanga mwingi. Hakumtazama alipokuwa anasema hivyo. Moyoni alijua anachokifanya, na baadaye hakuweza kujidanganya kwamba hakujua.

Picha iliyofuata ilitia fora. Nusu ya uso imeangaza, jicho lina nukta ya mwanga, tabasamu limetulia, na shavu la kushoto limezama kwenye kivuli laini, halina alama yoyote. Fundi aliipeleka ikachapishwe kubwa, akaitia fremu, akaitundika sebuleni usawa wa mlango, ili anayeingia aione kabla ya kuona watu. Kitinda aliitazama akasema, ehe, baba umekuwa fundi wa kweli. Akaitazama tena kidogo, kisha akaenda kumsaidia mama yake.

Laiti mambo yangeishia hapo. Jumapili iliyofuata akaja shangazi mtu, dada yake Fundi, kumuaga msafiri. Shangazi ni mwanamke asiye na ubaya, ila mdomo wake hauna mlango. Aliingia, akaikuta picha, akashika kiuno. "Kumbe mtoto huyu mzuri hivi!" akasema. "Kaka, umefanyaje?"

Na Fundi, kichwa kimemvimba kwa sifa, akacheka. "Ni mambo ya taa tu, dada."

Kitinda alikuwa mlangoni na sinia la vikombe. Aliyasikia yote mawili. Akaingia, akamwamkia shangazi yake, akamimina chai, akauliza habari za watoto, hakuna kikombe kilichotetemeka. Ila Fundi alimwona, na ile raha yote ikamtoka. Alitaka kusema neno. Angeweza kusema mwanangu siku zote ni mzuri, dada, hebu koma. Badala yake akamsogezea dada yake sukari. Chai ikanywewa, shangazi akapewa maembe ya kuondoka nayo, akasindikizwa.

Jioni Fundi alimfuata Kitinda chumbani, akamkuta anakunja nguo. Akaanza kujiuma-uma, mara shangazi yako unamjua, mara kuna picha nyingine, ile ya kwanza, ataichapisha hiyo. Kitinda aliendelea kukunja.

"Baba, mimi shavu hili nalinawa kila asubuhi," akasema. "Watu wote wanaliona, sijali. Nilidhani wewe tu ndiye hulioni."

Fundi alikaa pembeni ya kitanda. Akasema anaiondoa ile picha ukutani sasa hivi.

"Iache. Imetoka vizuri."

Akamwomba wakae tena, na mlango wa friji uwepo, na mwavuli, kila kitu. Kitinda akasema hana muda, bado hajapanga viatu. Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililomuumiza Fundi. Angegombezwa angejua pa kushika. Siku ya safari binti alimkumbatia kama kawaida, akambusu mama yake, akapunga mkono mpaka gari likakata kona.

Tangu hapo Fundi ameirudia ile Jumapili kichwani mara nyingi kuliko anavyoweza kusema. Ile picha ya kwanza ameichapisha, ipo kabatini, hajui aitundike kwa ruhusa ya nani. Mkewe alipomuuliza mbona flashi haiguswi siku hizi, alisema betri zimeisha. Mwavuli ulirudishwa kwa mwenyewe, na mlango wa friji ukarudi uani kwenye kutu yake.

Kitinda ni mtoto mwema, hupiga simu ya video kila wiki. Husimulia kazi, wateja, mwenye nyumba anayefuga paka wasiohesabika. Mama yake hucheka mpaka machozi. Fundi husikia nusu tu, kwa sababu macho yake yameshika kitu kingine. Binti hukaa pembeni ya dirisha, dirisha likiwa kulia kwake. Uso ameugeuza kidogo, kama alivyoelekezwa, na shavu la kushoto halionekani. Mwanzoni Fundi alidhani ni bahati mbaya ya kiti. Kisha akaona hata akisimama kufuata maji, hata simu ikihamia mkono mwingine, anarudi kuitega vile vile.

Juzi alishindwa kuvumilia. Alimnyang'anya mkewe simu, akaisogeza karibu.

"Geuka kidogo mwanangu," akasema, "nikuone vizuri."

Kitinda alitabasamu, lile tabasamu lililotulia la ukutani.

"Upande huo mwanga si mzuri, baba," akasema, na hakugeuka.