Mashavu na Samaki wa Bi Soledad

Waswahili wa Houston walipokuwa na harusi, hitima au maulidi, simu ya kwanza ilipigwa kwa Mashavu. Siku za kazi alihudumia wazee katika nyumba moja ya kutunzia wazee kusini-magharibi mwa mji. Aliwageuza kitandani, akawaogesha, akawalisha. Mwisho wa wiki alikuwa jikoni, kwake au kwa wenzake, na masufuria makubwa aliyoletewa kutoka Unguja. Mumewe, Ngwali, aliendesha teksi ya uwanja wa ndege na hakuona ajabu yoyote katika mpango huo. Alikuta chakula mezani, akala, akashukuru, akalala.

Kiangazi cha mwaka 2002 Mashavu akasema anataka kwenda kupumzika pwani, Galveston, kama mwendo wa saa moja kutoka kwao. Binti yao Intisar angekaa kwa shangazi yake katika mji wa Lewisville.

"Lakini nisikilize, Baba Intisar," akasema. "Mie huko sishiki mwiko wala sioshi sufuria. Tutakula vya kununua."

"Vya kununua wapi? Mahoteli yale yatatukamua."

"Tutakula vya Wameksiko. Nafanya kazi nao mwaka wa ngapi huu? Chakula chao nakionja kila mchana. Kina pilipili, kina ndimu, kina kotmiri. Na bei zao ni za watu kama sisi."

Ngwali hakubisha. Ila walipofika na Mashavu akafungua buti ya gari kutoa mabegi, alikuta jungu la umeme la kupikia wali limeviringishwa taulo, na kando yake kifuko cha mchele.

"Hili limekuja kufanya nini?"

"Tahadhari tu, Mama Intisar."

"Basi litarudi kama lilivyokuja." Akafunga buti.

Bahari haikumshangaza. Maji yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa, na mchanga ulikuwa mgumu hata magari yakipita juu yake. Alivua viatu, akakunja baibui hadi magotini, akasimama majini kwa muda mrefu. Ngwali alimngoja kwenye ukuta wa barabarani, akisikia njaa.

Jioni waliingia mkahawa ulioitazama bahari. Ukutani yalitundikwa makofia mapana ya Kimeksiko na magitaa. Kijana aliyewahudumia alikuwa mpole, lakini Mashavu alipomuuliza maharage yamepikwa kwa mafuta gani, akasema hajui. Aliporudi kutoka jikoni akasema huko nako hawajui, yanakuja kwenye makopo. Wakaagiza samaki. Akaletwa amefunikwa jibini la manjano tangu kichwa hadi mkia, hana ndimu wala pilipili. Mashavu alilikwangua jibini kwa uma, akala vipande viwili, akaacha. Bili ilipokuja Ngwali aliitazama, kisha akamtazama mkewe.

"Tungepika wali saa hizi tungeshiba," akasema.

"Nani angepika? Wewe?"

Ngwali akatoa pochi alipe. Hakuwa amepika hata yai tangu azaliwe, na wote wawili walijua.

Asubuhi, katika nyumba ya wageni walikofikia, Mashavu alimkuta mwanamke akisafisha chumba cha jirani, ameegesha toroli la mashuka mlangoni. Kihispania cha Mashavu kilikuwa cha kazini, maneno ya maumivu, maji, kitanda na polepole. Akayapanga alivyoweza, akamuuliza: "Wewe, hapa Galveston, unakula wapi?"

Mwanamke akacheka. Aliwahi kuulizwa taulo ziko wapi na barafu iko wapi, swali hili lilikuwa geni kwake. Akatoka hadi kwenye roshani, akaipa bahari mgongo, akanyoosha mkono upande wa bandarini. Waende hadi wavuke reli, alisema, watafute nyumba ya mbao ya buluu nyuma ya duka la matairi. Wamuulize Soledad.

Nyumba ilikuwa hapo, haina kibao. Sebule ilikuwa imegeuzwa mkahawa wenye meza chache zilizofunikwa plastiki ya maua, na wafanyakazi wa bandarini walikuwa wameinamia sahani zao kimya. Bi Soledad alitoka jikoni akifuta mikono kwenye aproni, mwanamke mfupi, mnene, wa makamo. Mashavu akamsalimu, kisha akauliza lile swali lake: kuna mafuta ya nguruwe?

Wale wanaume wakainua vichwa. Ngwali akaanza kusogeza kiti nyuma, tayari kuondoka.

"Kaa," Mashavu akamwambia kwa Kiswahili.

Bi Soledad hakuona vibaya. Alifikiri, akajibu kitu kimoja kimoja. Maharage, ndiyo, yana mafuta ya nguruwe. Wali, hapana. Chapati zake ni mahindi na maji na chokaa ya kulainishia mahindi, basi. Kisha akaenda jikoni akarudi ameshika kikaango kilichooshwa mkononi huku, na mkononi huku chupa ya mafuta ya mahindi bado haijafunguliwa. Akaifungua mbele yao.

Samaki alikuja mzima, amekaangwa mpaka mapezi yanavunjika, na kando yake chapati za mahindi za moto ndani ya kitambaa, vitunguu vilivyolowekwa ndimu, kotmiri, na bakuli la chachandu nyekundu. Kulikuwa na jagi la maji ya ukwaju. Mashavu alimega chapati, akatia samaki, akachovya. Pilipili ikampanda puani. Alikula bila haraka, akaagiza chapati nyingine, na katikati ya kula akagundua kwamba machozi yanamtoka. Hakujua kama ni pilipili tu. Ilikuwa muda mrefu hajala chakula cha moto ambacho hakukipika yeye, tena akiwa amekaa.

"Vipi?" Ngwali akauliza.

"Kitamu," akasema. "Kula, kinapoa."

Walirudi kesho yake. Siku hiyo Bi Soledad alikuwa amekwishafahamu, kwa maswali ya Mashavu, kwamba huyu ni mpishi. Akamshika mkono kwa furaha, akamvuta kuelekea jikoni akamwonyeshe anavyowatia kamba nazi na pilipili kavu, nao wabadilishane ujuzi.

Mashavu akauondoa mkono taratibu. Jikoni kulinukia vizuri, na alitamani kujua. "Ahsante, Bi Soledad," akasema. "Leo nimekaa." Kisha akamgeukia mumewe. "Nenda wewe."

"Mimi?"

"Kwani jiko linang'ata?"

Ngwali aliinuka kwa sababu watu walikuwa wanamtazama. Kutoka mezani Mashavu alisikia Bi Soledad akiamrisha kwa Kihispania na Ngwali akiitikia kwa Kiswahili, kisha kitu kikaanguka, kisha kicheko. Alijimiminia ukwaju.

Waliporudi Houston Ngwali alikuwa na kidole kilichoungua na anajua kupika kitu kimoja, kamba wa nazi. Aliwapika Jumamosi, vibaya, na Jumamosi iliyofuata vibaya kidogo. Mwezi wa tisa watu wa mji jirani wa Katy wakapiga simu kuhusu harusi. Mashavu akawaambia atakuja, lakini kama mgeni. Wengine walisema anaringa. Alivaa leso mpya, akaenda.

Baada ya miaka michache walipita Galveston tena wakaikuta nyumba ya buluu imefungwa. Mwenye duka la matairi akasema Soledad amehamia kwa mwanawe, mji wa Corpus Christi. Ngwali akamuuliza huyo fundi, kwa Kihispania chake cha jikoni, yeye siku hizi anakula wapi. Fundi akawaelekeza nyumba ya pili kutoka kona. Wakaenda kwa miguu. Kamba walikuwa wamezidi chumvi, chapati zilikuwa nzuri, na Mashavu akaagiza sahani nyingine.