Vumbi la Binkubala

Hapa Kolwezi kila kikohozi kina mwenyewe: mgodi. Mtu akikohoa mara mbili tu, watu wanatikisa kichwa, "Ni vumbi ya kazi, ile." Ndivyo tulivyosema juu ya baba yangu pia. Alifanya kazi ya mgodi zaidi ya miaka thelathini, akastaafu, sasa anakaa na mama katika nyumba yao ya Kapata, na kikohozi chake tulikizoea. Mimi mwenyewe, mwalimu mzima, nilikuwa nasema hivyo hivyo. Najichukia nikikumbuka.

Mama alikuwa anauza binkubala, vile viwavi vilivyokaushwa tunavyokula na bukari, ugali wetu. Magunia yake yalitoka upande wa Kasaji. Mwaka ule mvua haikuwa na adabu. Viwavi vilianikwa chini, kwenye udongo wenye unyevu, vikapakiwa kwenye pikipiki na kunyeshewa njia nzima, vikafika vimeota kuvu jeupe kama manyoya ya kifaranga. Mama hakutupa. Nani anatupa chakula? Aliosha, akaanika tena, kisha wakawa wanakaa wawili barazani asubuhi nzima, mama anachambua, baba anatikisa chekeche. Vumbi lilimpanda baba hadi usoni. Na magunia yenyewe yalilala chumbani mwao, karibu na mto wa kulalia, kwa kuogopa wezi.

Ikifika jioni baba anapata homa, kifua kinabana, hata kufunga kamba za viatu anashindwa kumaliza bila kupumzika. Akakonda, jamani! Niliogopa kweli, nilimwona baba yangu anakwenda hivi hivi. Walimpima kifua kikuu mara mbili, hakuna. Halafu akaenda Lubudi kwenye matanga, majuma mawili, na huko hakukohoa hata kidogo. Alirudi anacheka. Akashika chekeche siku moja tu, jioni yuko kitandani tena.

Nikampeleka hospitali. Daktari, kijana mpole, akamwuliza, "Tata, ku nyumba munafanyaka nini?" Baba akaanza hadithi ndefu ya mgodi. Nikamkatiza. Nikasema habari ya Lubudi, nikasema habari ya magunia. Daktari akaacha kuandika.

Akatueleza polepole. Lile jeupe kwenye viwavi linatoa mbegu ndogo kuliko vumbi lenyewe, zinaingia hadi ndani kabisa ya mapafu, na kuna watu ambao mapafu yao hayazivumilii. Mtu akiendelea kuzivuta, mapafu yanakakamaa, na yakishakakamaa hayarudi. Dawa angempa, lakini dawa ingekuwa bure kama atarudia vumbi lile. Akaongeza kwamba viwavi vyenye kuvu visiliwe, maana kuosha na kuanika hakuondoi sumu yake. Baba akaapa mbele yetu kwamba hatagusa tena chekeche.

Juma moja baadaye nafika nyumbani kwao, namkuta barazani, kitambaa mdomoni kama jambazi, anatikisa. Mama alikuwa ndani. Nikapandisha sauti.

"Papa! Unapenda kufa?"

"Usinipigiye makelele, mi haiko mutoto ya ku masomo."

Kisha akaweka chekeche chini. Sauti ikashuka.

"Miaka yote ya kazi, nilikuwa natoka, mama yako analala. Narudia, yeye eko ku soko. Tulikuwa tunasalimiana tu mu mulango. Sasa niko nakaa naye asubui muzima. Unataka nikaye wapi?"

Mimi mwenye mdomo, nilikaa pale chini nikalia.

Mama alikuwa nyuma ya mlango na sufuria yake, amesikia yote. Kesho yake alichimbisha shimo, magunia yenye kuvu akayazika, na lile moja zuri akampa jirani auze. Nikamwuliza, mama, na kazi yako ya miaka yote hii?

"Binkubala iko mu soko muzima," akasema. "Ule muzee, niko naye mumoja tu."

Sasa anauza sabuni, zile ndefu za kukata vipande. Anazikata kwa waya, barazani pale pale. Waya una ncha mbili, anasema, lazima mtu mwingine ashike upande wa pili. Uongo mtupu! Soko zima wanawake wanakata peke yao, ncha moja wameifunga kwenye msumari. Siku moja nikamwambia nitamletea msumari. Akanitolea macho, habari ya msumari ikaishia hapo.

Kila asubuhi nikipita kwenda shuleni namsikia anaita, "Muzee! Kuya ushike!" Baba anatoka taratibu, maana siku za baridi kifua bado kinamsumbua kidogo. Anakaa mbele yake, ananyoosha mkono, na mama anampa ncha yake ya waya.