Mama Mkwe na Tarumbeta la Mwanawe

Mume wangu hakuweza kunyamaza. Hiyo ndiyo iliyokuwa shida yetu, maana muziki ule ulimtaka anyamaze zaidi kuliko apulize.

Mchungaji Mjerumani wa misheni yetu, hapa chini ya Mlima Meru, aliutunga mwenyewe kwa kuangalia vyombo na watu aliokuwa nao. Yeye alipiga fidla kubwa, ile inayoshikwa kati ya magoti. Mkewe alipiga fidla ndogo. Seremala wa misheni alipuliza zumari, na mume wangu, mwalimu wa shule, tarumbeta. Mimi nilipewa kinanda, kwa kuwa nililelewa misheni ya upande wa Kilimanjaro na huko nilifundishwa kukipiga kabla sijaolewa huku Umeruni.

Kwenye mazoezi, kila tarumbeta lilipotakiwa kukaa kimya, mume wangu alihangaika kama mtu aliyeingiwa na siafu. Alikohoa. Alikung'uta mate ya tarumbeta yakamwangukia seremala miguuni. Kisha, tulipofika pale patamu, kinanda changu na fidla ya bibi mchungaji vinapojibizana kwa upole, puuuu!

"Mwalimu, bado," mchungaji alimwambia.

"Samahani, Mchungaji. Nilidhani mmenisahau."

Siku yenyewe ya kuwapigia watu ilikuwa Jumapili, baada ya ibada. Bwana mmoja wa bomani Arusha alialikwa, akawekewa kiti mbele. Karibu naye, kwenye benchi, alikaa mama mkwe wangu. Kwake yeye muziki ulikuwa watu kuimba pamoja. Vyombo hivi hakuwa amevisikia hata mara moja. Alikuja kwa ajili yangu tu.

Tulianza vizuri. Tukafika pale patamu. Nikasema kidogo kwa kinanda, bibi mchungaji akanijibu kwa fidla, nikasema tena, na mume wangu akashindwa kuvumilia. Puuuu!

Mama mkwe akasimama.

"Wewe!" alimkemea mwanawe kwa Kimeru. "Wanawake wanaongea mambo yao, unawakatia maneno ya nini? Nilikulea hivyo? Shusha hilo dude!"

Mume wangu akalishusha. Sisi wengine tukaendelea, mimi nikiuma midomo nisicheke. Mama akakaa, akaniashiria kwa kichwa nimalize niliyokuwa nayo. Nikamaliza. Sasa ikafika zamu halisi ya tarumbeta, na tarumbeta kimya. Mchungaji akamkonyeza mume wangu. Kimya. Tukaacha kupiga wote.

"Mwalimu, ni sasa!"

"Siwezi, Mchungaji. Mama amekataa."

Mchungaji akaegemeza fidla yake kwenye mimbari, akaenda mbele ya benchi na upinde mkononi.

"Shikamoo, mama. Tunaomba mwanao aseme."

"Marahaba. Hao wanawake wamekwisha?"

"Wamekwisha kabisa."

"Basi aseme. Lakini asipige kelele, hatuko machungani."

Mume wangu akapuliza, macho yake kwa mama, taratibu kama mtu anayepoza uji. Sijawahi kumsikia akipiga vizuri namna ile. Seremala alisahau kuingia na zumari lake kwa kumshangaa.

Yule bwana wa bomani, asiyejua Kimeru wala Kiswahili kingi, aliona yote yale ni sehemu ya utunzi. Alimpigia mama makofi kuliko sisi, kisha akauliza kupitia kwa mchungaji kama angekubali kwenda na kundi siku tutakapoalikwa kupiga bomani.

"Nitakwenda," mama akajibu. "Ila mume wa huyu bibi naye apunguze kuguna na dude lake lile kubwa. Ameguna tangu mwanzo mpaka mwisho."

Mchungaji akawa mwekundu hadi masikioni. Alimtafsiria mgeni ile "nitakwenda" peke yake. Bibi mchungaji, aliyeelewa vizuri, ilibidi ajifiche nyuma ya kinanda.

Tulirudi nyumbani kwa njia ya migombani, mama mbele, mimi katikati, mume wangu nyuma amenuna, tarumbeta limefungwa kwenye kanga yangu. Tulipovuka kijito akashindwa tena kunyamaza.

"Mama, lile la mwisho, uliponiruhusu. Nilisema nini?"

Mama akafikiri huku akipanda ukingo.

"Uliomba msamaha," akasema. "Ila uliurudia mno."

Mimi nilicheka nikateleza, nikaketi kwenye tope na nguo yangu ya Jumapili.