Miguu ya Benchi Katika Ardhi ya Wakwe

Benchi langu la useremala lilikatwa miguu yote minne, sawasawa na ardhi, kwa msumeno wangu mwenyewe. Aliyekata alipomaliza aliupangusa msumeno, akautundika mahali pake. Hakuwa mwizi wala mlevi. Alikuwa mjomba wa mke wangu, mkubwa wa ukoo, na hakuona sababu ya kujificha.

Nieleze kwa mpangilio, maana nikifuata hasira sitafika mwisho.

Tulihama Masasi mjini tukaja kukaa kwao mke wangu, nje kidogo ya Makote. Huku ardhi inafuata upande wa mama. Mwanamume anakuja, anajenga, analima, lakini shamba si lake. Hapandi hata mkorosho bila kumuuliza mjomba, kwa sababu mti ukishakomaa, wapwa wa huyo mwanamume, ambao ndio warithi wake, wanaweza kutokea kuudai pamoja na ardhi iliyo chini yake. Hayo yote niliyajua. Banda la kufanyia kazi niliomba, nikapewa. Nikaliezeka bati, kuta nikaweka mianzi.

Benchi langu la kwanza lilikuwa linatembea. Ukisukuma randa, nalo linasogea, ubao unachanika. La pili nililijenga kama nilivyofundishwa karakanani Masasi: miguu ya mninga, minene, nimeichimbia chini. Ncha nilizipaka oili chafu mchwa wasile, nikashindilia udongo na kokoto mpaka nilipolisukuma kwa bega likagoma. Juu nikalaza ubao mzito wa mkongo, pembeni nikafunga jiliwa la kubania mbao. Sijawahi kutengeneza kitu kizuri kuliko kile. Nilikuwa naranda milango ya nyumba moja ya Lulindi, na hiyo ndiyo kazi iliyokuwa inatulisha.

Kisha tukaenda mazikoni Chiungutwa. Tuliporudi, benchi lilikuwa limelala kifudifudi.

Nilimkuta mjomba barazani kwake anakunywa uji.

“Shikamoo, mjomba.”

“Marahaba, mkwe. Mmezika salama?”

“Salama. Benchi langu limekatwa.”

“Nimelikata mimi. Msumeno wako mkali, hongera.”

“Mjomba, ile ni meza ya kazi.”

“Meza inabebeka. Ile uliipanda.” Akapuliza uji. “Na ukaipaka oili. Mtu anayepaka oili hana mpango wa kuondoka leo wala kesho. Mimi nilikupa kivuli, mkwe, sikukupa ardhi.”

Nilimuuliza ni mpwa gani wangu atakayesafiri kuja kurithi miguu ya meza. Akacheka, akasema watu wamewahi kurithi vidogo zaidi ya hivyo. Niliondoka bila kuaga, jambo ambalo huku halisahauliki, na sikujali.

Nyumbani mke wangu alikuwa anabangua korosho. Alinisikiliza mpaka nikanyamaza.

“Ungemuuliza tu,” alisema.

“Nimuulize miguu ya meza?”

“Wewe unaita miguu. Kwetu ukichimba na kushindilia, umepanda. Baba yangu aliomba hata nguzo ya kuanikia nguo.”

Hilo ndilo lililoniwasha kuliko msumeno. Nimekaa na mwanamke huyu miaka, aliniona nikichimba mashimo, alinishikia hata kamba ya kupimia, na hakusema neno.

Milango ya Lulindi nimeimalizia chini, nimepiga magoti, na inaonekana ilimaliziwa chini. Nilipochukua sururu ning'oe vipande vya miguu vilivyobaki ardhini, mjomba alituma ujumbe: kung'oa nako ni kuchimba, niache mpaka ukoo ukae. Nimemwambia mke wangu kwamba ukoo ukinikatalia kuchimbia benchi nitarudi Masasi na vifaa vyangu, na ningependa twende wote. Alijibu kwamba shamba la mama yake haliwezi kubebwa kwenye pikipiki.

Kikao kitafanyika korosho zikishauzwa. Mimi kama mkwe nitakaa pembeni, nizungumze nikiulizwa. Mke wangu ana haki ya kusema, na wajomba watamuuliza yeye kwanza. Mpaka leo hajaniambia atasema nini.